Kangomba ya Daftari

Haya ni maneno niliyoyasema Jumapili jioni, siku ya kutuaga vijana watano tuliokuwa kwenye mafunzo ya utafiti wa korosho hapa Mtwara. Siku yenyewe nilikuwa na karatasi mkononi lakini niliiacha katikati, kwa hiyo nimeyaandika upya kama ninavyoyakumbuka. Pale nilipoona msomaji wa mbali atapotea, nimeongeza sentensi mbili tatu.

Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe. Wakubwa zangu wote shikamooni, wadogo zangu hamjambo.

Itifaki ameshaizingatia aliyenitangulia, naomba nisiirudie. Nikianza kutaja vyeo hapa, ile ming'oko pale nyuma itapoa, na mama aliyeileta ametoka nayo Newala tangu alfajiri.

Nimepewa robo saa niwasemee wenzangu wanne. Nimeshawaambia kwamba sitawasemea. Mmoja ameshinda maabara miezi miwili na nusu, mwingine alikuwa kwenye ufuta, wawili walikuwa kwenye karanga, na kila mmoja ana yake ya kusema akiulizwa. Mimi nitasema ya chini ya mkorosho tu, na moja katika hayo ni la aibu.

Nianze na hali ya hewa. Wenzetu wanaosoma Ulaya na Marekani mafunzo kama haya wanayaita ya majira ya joto, kwa sababu ndipo vyuo vyao hufungwa. Vyuo vyetu navyo hufungwa mwezi wa saba, lakini anayedhani kusini yote ni joto la Shangani, kule ufukweni mjini, aende akalale juu kwenye uwanda wa Makonde mwezi huo. Saa kumi na moja alfajiri ukungu umepanda kutoka bonde la Ruvuma, mti wa tatu huuoni, na mimi binti wa huku huku nimejifunga kanga mbili juu ya sweta. Nilikuwa nikilalamika mpaka nilipoelewa kwamba kile kinachonitetemesha ndicho kilichonileta. Ubwiriunga, ule ugonjwa wa kuvu wa mikorosho, unapenda hali hiyo hiyo: usiku wa baridi, hewa yenye unyevu, na mvua hakuna ya kuuosha. Mkorosho nao, katika miezi yote ya mwaka, umechagua hii ya kipupwe kutoa majani machanga na maua. Wamekutana mwenye njaa na sahani.

Mimi nimesomeshwa na korosho. Nikiuliza humu ukumbini nani mwingine, mikono itazidi viti. Sanduku na godoro la bweni vilinunuliwa kwa fedha za mnada wa Novemba, na mwaka ambao malipo yalichelewa nilikaa nyumbani Januari karibu yote nikiwaangalia wenzangu wakipanda basi. Basi la kutoka Newala kuja mjini hupita Naliendele, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo. Nilipokuwa mdogo baba alikuwa akinionyesha kwa kidole: "Hapo ndipo wanapoitibu mikorosho." Nikawa nawaza mikorosho imelazwa vitandani imetundikiwa dripu. Basi nilipoambiwa mwaka huu kwamba nimepangiwa korosho, nilijisemea moyoni, hii nimeshafaulu kabla ya kuanza.

Wiki ya kwanza ikanionyesha kwamba mti niliokuwa nikiukwea tangu nikiwa na miaka mitano sikuwahi kuutazama. Msimamizi wangu alinipa kioo cha kukuzia, kidogo tu, cha kuning'iniza shingoni, akaniambia nikae chini ya mti mmoja asubuhi nzima nisiandike chochote. Nikaona shada moja la maua lina mamia ya maua, na mengi ni madume. Yale yenye uwezo wa kuzaa ni machache, na yatakayofika kuwa korosho unaweza kuyahesabu kwa vidole. Nikaona pia kwamba korosho hukua kwanza, kijani, ngumu, karibu kufikia ukubwa wake wote, bibo likiwa bado kikonyo tu. Baadaye ndipo bibo hujaa na kuipita. Miaka yote nimekula mabibo nikidhani korosho ni mkia wake. Kumbe bibo ndilo linalofuata.

Na ubwiriunga wenyewe. Wote tunaujua kwa jina, tunasema maua yameungua, maua yamekauka. Chini ya kioo haufanani na kuungua. Ni nyuzi nyembamba nyeupe zimetandazwa juu ya ua ambalo halijafunguka, kama mtu amepangusa mkono wenye unga wa muhogo. Ua lililoshikwa vizuri halifunguki tena. Linabaki limefumba hivyo hivyo mpaka linakuwa jeusi na kudondoka. Jani la zamani, lile gumu, kuvu hii haina habari nalo. Inataka kilaini.

Sitaki kuwachosha na mambo ambayo wakulima waliokaa mbele wanayajua kwa gharama kuliko mimi. Lakini wapo wanafunzi wa sekondari humu, nao nawaambia kwamba ugonjwa huu si hadithi ndogo. Msimu wa 1973/74 nchi hii ilikusanya takriban tani 145,000 za korosho. Msimu wa 1986/87 hazikufika 20,000. Bibi yangu anasimulia miaka hiyo kama watu wengine wanavyosimulia vita. Si ubwiriunga peke yake uliofanya hivyo. Bei ilikuwa mbovu, na kabla ya hapo watu walikuwa wamehamishiwa vijijini, mashamba yakabaki mbali na nyumba, mengine yakageuka pori. Ubwiriunga ulipoanza kuonekana mwishoni mwa miaka ya 1970, uliikuta mikorosho imekwishaachwa yatima. Hilo la mashamba kugeuka pori mlishike, nitalirudia.

Kazi yangu ilikuwa nyepesi kuisema. Kuvu ya ubwiriunga haikai kwenye kitu kilichokufa, inahitaji kiungo kibichi. Maua yakiisha inajibanza kwenye machipukizi yanayoota ndani ya mti, kule kivulini, inasubiri msimu mwingine. Wataalamu wetu wanashauri machipukizi hayo yaondolewe mapema. Mimi nilipewa miti 32 ya mkulima mmoja, safu nne za miti minane minane. Nusu ilisafishwa machipukizi, nusu ikaachwa. Yote ikapulizwa salfa ile ile, unga wa kukinga ugonjwa, siku ile ile, alfajiri, umande ukiwa bado upo na upepo umelala ili unga ushike. Kwenye kila mti tukachagua mashada sita, tukayafunga lebo. Kila Jumatatu napita na daftari, natazama kila shada, nalipa alama kuanzia 0 mpaka 6. Sifuri ni safi kabisa, sita limefunikwa lote. Mashada 192. Nilihesabu kwamba saa tatu zinatosha. Sikuwahesabu maji moto.

(Walicheka hapa. Aliyewahi kupanda mkorosho anawajua: sisimizi wekundu wanaoshona majani kuwa viota. Wanamfukuza mbu wa mikorosho, kwa hiyo wakulima wengi huwaacha. Mimi nao walinifukuza.)

Nilikuwa na msaidizi. Nasema msaidizi kwa sababu ndivyo ilivyoandikwa kwenye fomu ya malipo: msaidizi wa shamba, kibarua wa siku. Ni mzee wa makamo ya babu yangu, na jina lake sitalitaja kwa sababu ameniomba hivyo. Nitamwita Mzee kama nilivyomwita shambani. Siku ya kwanza nilimfundisha ile alama ya 0 mpaka 6, nikamchorea picha. Akasikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Halafu akaniambia yeye ana tatu tu: safi, imeanza, imevaa kanzu. Nikacheka. Msimamizi akatuambia tupime mashada 20 kila mtu peke yake, bila kuchunguliana, kisha tulinganishe. Hiyo ni desturi ya kazi hii, ili ijulikane kama macho mawili yanaona kitu kimoja. Tuliyarudia wote wawili mara mbili. Mara ya pili ya Mzee ilifanana na ya kwanza kwenye mashada yote isipokuwa moja. Yangu yalitofautiana kwenye saba. Yaani mimi mwenye kioo sikukubaliana na mimi mwenyewe.

Mzee alinipa ushauri mmoja wiki ile, nikaupuuza. Aliniona nikiandika lebo kwa kalamu ya wino kwenye utepe wa karatasi. Akasema, "Binti, tumia penseli. Au subiri nikukatie makopo." Yeye hukata makopo ya soda kwa mkasi, anapata vipande vya bati laini, anakwaruza namba kwa msumari. Mimi nikaona makopo ya soda hayapendezi. Nilikuwa nimeshapiga picha lebo zangu, zimepangwa vizuri, wino wa bluu. Nilimkubalia safu mbili za kwanza na ya nne ili nisimvunje moyo. Safu ya tatu nikaifanya ya kwangu.

Wiki ya tano Mzee alifiwa na ndugu yake, akaenda kwenye matanga. Jumatatu nikaenda peke yangu. Safu ya kwanza sawa, ya pili sawa. Nikafika ya tatu, nikageuza lebo ya kwanza, nikaona karatasi nyeupe. Nikageuza ya pili. Umande wa wiki nne na unga wa salfa vilikuwa vimekula wino wote, kimebaki kivuli cha bluu ambacho ukikitazama sana kinakuwa namba yoyote unayoitaka. Miti minane, mashada 48. Mashada yapo, mbele ya macho yangu, na lipi ni la kwanza na lipi ni la sita sijui. Jua likapanda, umande ukakauka, nikaenda kupima safu ya nne mikono ikitetemeka, na wakati huu haikuwa baridi.

Usiku ule, kwenye chumba nilichopanga, nilifungua daftari. Wiki ya tano, safu ya tatu, ukurasa mtupu. Kulia kwake nafasi ya wiki ya sita ambayo haijafika, kushoto namba za wiki ya nne. Nikaanza kujiambia maneno ya kisomi. Ugonjwa kwa kawaida hupanda. Shada lililokuwa na 2 wiki iliyopita, wiki hii litakuwa na 3. Lililokuwa na 3 litakuwa na 4. Nani atajua? Tena nilijiambia huu si uongo, ni makadirio, na makadirio yanafundishwa darasani. Nikazijaza zote 48. Ilinichukua dakika kumi, na nakumbuka nilitumia penseli, kana kwamba sasa ndio nimeusikia ushauri.

Mzee alirudi Ijumaa. Tulikaa chini ya mti, tukala ming'oko, nikampa pole. Akaomba daftari aone alichokikosa, maana alikuwa na kawaida ya kuifuatilia miti yake, mti wa tano safu ya tatu ukiwa ndio anaoupenda. Akapitisha kidole. Akanyanyuka, akaenda kwenye safu, akageuza lebo mbili tatu, akarudi akakaa. Hakupandisha sauti. Akasema, "Hizi umezisomaje?"

Nikanyamaza. Akasubiri. Nikamweleza kwamba nimekadiria, kwamba zinakaribiana na ukweli.

Akasema, "Binti, hiyo si kangomba?"

Watu wa huku hawahitaji kuelezwa. Kwa msomaji asiye wa kusini: kangomba ni ule ununuzi wa korosho wa vichochoroni, kabla ya mnada, nje ya mizani ya chama cha msingi. Mnunuzi anakuja na bakuli. Bakuli linaitwa kilo, lakini linabeba zaidi ya kilo, na bei ni ya kutupa. Mwenye shida ya mwezi wa nane anauza korosho ambayo bado ni ua. Imepigwa marufuku miaka na miaka, na bado ipo, kwa sababu shida nayo ipo. Sasa mnaweza kuona lile neno lilivyonipata. Nyumbani kwetu tuliwahi kuuza kwa kangomba. Mwaka ule niliokaa nyumbani Januari, chanzo chake kimojawapo kilikuwa bakuli. Na leo mimi nimekaa na bakuli langu, nalijaza kwa kadiri ninavyotaka na kuliita kipimo.

Nilifuta. Zote 48. Zile alama za ufutio bado zinaonekana kwenye ukurasa, na nilipoulizwa kama nataka kunakili upya ili daftari lipendeze nilikataa. Juu ya ukurasa nikaandika "haikupimwa" na sababu yake: lebo zimefutika, kosa la mpimaji. Kumwambia msimamizi ndiyo ilikuwa safari ndefu. Nilitegemea ngurumo. Alitazama, akauliza kama wiki ya sita nitaweza kuyatambua mashada, akasema programu ya takwimu inaweza kuishi na pengo ilimradi imeambiwa kwamba ni pengo. Basi. Akaendelea na chai yake. Nadhani yeye pia ana ukurasa wake mahali fulani, lakini sikuthubutu kumuuliza.

Tuliyatambua. Au niseme Mzee aliyatambua. Yeye ndiye aliyenisaidia kufunga lebo siku ile ya kwanza, na kumbe ana utaratibu: anaanza upande wa mawio ya jua, anazunguka mti kulia, wa juu kabla ya wa chini. Mimi sikuwa na utaratibu wowote, nilikuwa na wino. Jumatatu ya wiki ya sita tukazunguka naye, yeye akitaja namba, mimi nikifunga vipande vya makopo. Kila shada tulilitazama tukalinganisha na maelezo ya wiki za mwanzo, urefu wake na tawi lilikoota, na tulipoona halilingani tuliliacha nje. Mashada matano tuliyaacha nje.

Na hapa ndipo kuna jambo ambalo mpaka leo likinijia usiku nageuka upande wa pili. Yale mashada niliyoyaongezea moja moja, wiki ya sita tulipoyapima, mengi hayakuwa yamepanda taratibu kama nilivyoyapandisha. Kuna yaliyobaki 2. Kuna mti mmoja wa pembeni, mashada yake yaliruka kutoka 2 mpaka 5 na 6, yamevaa kanzu kama anavyosema Mzee. Safu ya tatu ndiyo iliyo karibu na shamba pori. Nilisema nitalirudia. Upande wa pili wa ule mpaka kuna mikorosho ya mtu ambaye familia yake ilihama miaka ya 1970 na haikurudi. Miti imeshikana, giza ndani, machipukizi kila mahali, hakuna aliyepuliza. Vumbi la ugonjwa hubebwa na upepo, na kwenye kipupwe pepo za kusi hazipumziki. Kama kulikuwa na wiki ambayo kusafisha miti yetu kulianza kushindwa na pori la jirani, wiki hiyo ilikuwa ya tano, na mahali palikuwa safu ya tatu. Ndipo hasa nilipotaka kuchora mstari ulionyooka kwa mkono wangu.

Wakulima mtaniuliza: kwa hiyo kusafisha machipukizi kunasaidia au hakusaidii? Kwenye miti 32, shamba moja, msimu mmoja, niliona miti iliyosafishwa ikichelewa kuugua wiki za mwanzo, kisha tofauti ikapungua, na mwishoni nisingeweza kukwambia upi ni upi bila kutazama lebo. Salfa inalinda, haitibu, kwa hiyo kuchelewa huko kunaweza kuwa na thamani kama puliza ya kwanza imewahi. Zaidi ya hapo siwezi kusema. Mzee mmoja wa kijijini aliniambia, "Umekaa miezi yote hiyo umekuja kutuambia hivyo?" Nikamwambia ndiyo. Akasema ni afadhali, maana wengine huondoka bila kutuambia hata hivyo.

Hilo nalo naomba niliseme wakati wakubwa wapo. Watu wa vijijini wana msemo wao kuhusu sisi: wanakuja, wanauliza, wanaondoka. Ripoti yangu nimeiandika kwa Kiingereza kwa sababu chuo kinaitaka hivyo, kurasa arobaini na kitu. Mwenye shamba hataisoma hata moja. Nimeandika ukurasa mmoja wa Kiswahili, nimeupeleka mwenyewe wiki iliyopita, tukausoma pamoja barazani kwake, naye akanisahihisha jambo moja: nilikuwa nimeandika shamba la jirani "limetelekezwa". Akasema halijatelekezwa, lina wenyewe, wako mjini, wanagombana urithi. Nimebadilisha. Ukitaka kujua kwa nini ubwiriunga haumaliziki Newala, soma kuhusu kuvu, lakini pia hudhuria kikao cha mirathi.

Nina jingine dogo, halafu nakaa. Wengi wetu wa kusini tumekua tukisikia habari za Tendaguru, kule Lindi, na mijusi mikubwa ya kale, dinosaria, iliyochimbwa. Kuanzia 1909 mpaka 1913 Wajerumani wa makumbusho ya Berlin walichimba pale mifupa ya wanyama walioishi takriban miaka milioni 150 iliyopita. Zaidi ya tani mia mbili zilibebwa na wapagazi, kichwani na mabegani, siku kadhaa kwa miguu mpaka bandari ya Lindi. Mmoja wa mijusi ile amesimama Berlin leo, urefu wake kwenda juu unazidi mita 13. Kitabuni majina ya wakubwa wa safari ile ni Werner Janensch na Edwin Hennig. Lakini mifupa iliyoko Berlin iliweza kuunganishwa kwa sababu mtu fulani, porini, jua kali, aliandika kila mfupa umetoka shimo gani. Mjusi yule mkubwa sehemu kubwa ya mifupa yake mpaka leo inajulikana kwa herufi ya shimo lake na namba yake, S II. Lebo haikufutika. Msimamizi wa mafundi pale alikuwa Boheti bin Amrani, na jina lake limebaki kwenye maandishi. Waliokuwa chini yake walikuwa mamia, na wengi wao hata jina halikuandikwa.

Nilikuwa nikilijua hilo kama hadithi ya fahari na machungu, ya kusema mifupa yetu irudi. Mwaka huu nimelisikia upande mwingine, upande wa lebo. Kwa hiyo kwenye ripoti yangu, ukurasa wa kwanza kabisa, kabla ya jina la msimamizi na kabla ya jina la chuo, nimeandika majina ya watu watatu waliopima pamoja nami, Mzee na wengine wawili ambao leo sikuwagusia, kila mmoja na safu alizopima. Nimeambiwa huenda ukurasa huo ukahamishiwa nyuma, kwenye shukrani. Sawa, wakiuhamisha nitauliza sababu. Shukrani ni kwa aliyenipa maji na mahali pa kulala. Hawa walipima. Mzee ameniomba jina lake lisitajwe hadharani, hilo ni la hapa. Kwenye ripoti amekubali, tena ameniandikia mwenyewe kwa mkono wake ili nisikosee herufi.

Naomba wale watatu wasimame.

(Walisimama wawili. Mzee alikuwa nje anavuta sigara, akaja kuitwa, akasimama mlangoni na kofia mkononi mpaka makofi yalipoisha, akarudi nje.)

Kesho ni Jumatatu. Mimi basi langu linaondoka saa kumi na mbili asubuhi, kwa hiyo kwa mara ya kwanza sitapima. Binti anayenipokea yupo hapa, ameanza leo. Dada, daftari liko kwenye kabati la chini, lile lenye gamba lililokunjamana. Mashada yamebaki machache kwa sababu korosho zimeanza kudondoka, safu ya tatu usiihesabu kwa ramani yangu, mfuate Mzee. Anaanza upande wa mawio. Nenda mapema kabla umande haujakauka, vaa suruali uichomeke kwenye soksi kwa ajili ya maji moto, na ukimkuta anakata makopo mshikie tu mkasi.

Ahsanteni. Ming'oko iko kule nyuma.